Uliyekulia kando ya Ruvuma, au uliyewahi kuuvuka: tupeane uzoefu

MamaWaNewala:
Habari za jioni wana Kusini na wengine wote. Mwanangu wa darasa la tano karudi na ramani aliyotakiwa kuichora, Tanzania na majirani zake. Kwa penseli ya bluu kapiga mstari mmoja kutoka Ziwa Nyasa mpaka baharini, kaandika "Ruvuma, mpaka". Halafu kaniuliza: "Mama, ukisimama katikati ya maji unakuwa nchi gani?" Sikumjibu upesi. Katikati ya maji yale nimesimama mara nyingi, ndoo kichwani, na hakuna siku niliyowaza nchi. Niliwaza mamba.

Nimemwambia kwanza afute mstari. Mto hautoki ziwani. Unaanzia milima ya Matogoro pale Songea, unakwenda magharibi kama unaotaka kuingia Nyasa, kisha unageuka kusini, na unaanza kuwa mpaka wetu na Msumbiji pale unapokutana na mto Msinje. Kutoka hapo hadi ziwani hakuna mto wa mpaka, ni mstari mnyoofu waliokubaliana Wajerumani wa huku na Wareno wa ng'ambo mwaka 1886. Usiku usingizi umekataa, nimekumbuka mengi. Naomba kila mwenye Ruvuma yake aiseme hapa: uliyoyaona, uliyosimuliwa na wazee, hata ya kuogopesha.

Kijana wa Nanyumbu:
Mamba kwanza, nchi baadaye. Ndivyo tulivyolelewa.

Msongea:
Dada asante kwa kuitaja Matogoro, maana watu wa Mtwara mkiusema mto huu mnaanzia kule darajani Mtambaswala kana kwamba juu hakuna kitu. Mimi nimekwenda kuokota kuni karibu na chanzo. Ni kijito tu, mtoto anakiruka, maji ya baridi mpaka meno yanauma. Nilikuja kuuona tena Kilambo, karibu na bahari, nikiwa mtu mzima, mchanga upana wake unachosha macho, nikakataa kabisa kwamba ni maji yale yale. Karibu kilomita 800 toka pale nilipokuwa nachota kwa viganja! Nilikaa kwenye mchanga nikalia, na mwenyeji wangu akadhani nimeumwa na kitu.

Pwani ya Msimbati:
Sisi wa mdomoni tunauona mto ukishachoka. Kule kwetu kuna mikoko, kuna viboko wanaokuja mpaka karibu na maji ya chumvi, na mkondo unahama. Mwaka huu mtumbwi unapita huku, mwaka ujao hapo hapo pameota nyasi. Baba yangu alikuwa mvuvi, akisema mto huu haukai kitanda kimoja. Sasa mtoto wako akiuliza mpaka uko wapi, mwambie mpaka unalala na maji.

Na jambo lingine watu hawalijui: zamani huku mwisho mto haukuwa mpaka. Mjerumani alichukua Kionga ng'ambo mwaka 1894, kwa hiyo pande zote mbili za mdomo zikawa chini yake. Mreno akairudisha 1916 wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na mkataba wa 1919 ukamthibitishia. Bibi mzaa baba alizaliwa Kionga. Katika maisha yake ametawaliwa na serikali tofauti na hajahama nyumba.

Mtambwe wa Mto:
Hapo umesema.

Binti wa Mahuta:
Nimesoma neno "mamba" nikajikuta nimefika 1998. Naandika kwa simu, mnivumilie, ni ndefu.

Wengi wenu Wamakonde mnaijua hadithi ya mwanzo wetu, lakini naisema kama bibi alivyoisema, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa kilichotokea. Pale Mahuta, zamani, palikuwa na kichaka kinene tu. Ndani yake aliishi kiumbe ambaye hajawa mtu kamili. Haogi, hanyoi, anakula kidogo na kunywa kidogo. Siku moja akakata mti, akachonga umbo la mtu, akalipeleka maskani kwake na kulisimamisha. Usiku likapata uhai, likawa mwanamke. Wakashuka wawili mpaka Ruvuma kuoga. Pale mtoni mwanamke akazaa, mtoto amekufa. Wakahama, wakavuka milima hadi bonde la Mbemkuru. Akazaa tena, amekufa. Ndipo wakarudi juu, kwenye kichaka cha Mahuta, na mtoto wa tatu akaishi. Tangu hapo Mmakonde hajengi bondeni. Anajenga juu, na maji anayafuata mbali.

Basi. Mama mdogo wangu aliolewa bondeni, chini ya Newala, kwa watu wa mpunga. Alizaa wawili, wote wakafa ndani ya mwezi. Alipopata mimba ya tatu bibi alisema neno moja tu: huyu atazaliwa juu. Mume akakubali. Walipanga apandishwe mwezi ukikaribia, lakini zile ni mvua za El Nino. Mto ulipanda ukameza mashamba, na mama mdogo alikuwa amevuka ng'ambo na mumewe kuokoa mpunga wao wa upande ule. Mimi nilikuwa nao, nina miaka kumi na mmoja, kazi yangu kufukuza ndege.

Uchungu ulimshika jioni. Wanawake wa ng'ambo wakasema kuna mkunga mzuri hapa hapa, tusihangaike. Mama mdogo akakataa. Alikuwa anapiga magoti kwenye matope na kusema "nivusheni" tu, hana neno jingine. Mvushaji alikuwa mzee wa kabila la Wamatambwe, watu wa mtoni, alitazama maji muda mrefu, akatupa unga wa mtama kidogo mtoni, akasema twendeni. Tulikuwa watano kwenye mtumbwi. Pondo haikufika chini, ikabidi makafi. Mimi nilipewa kata nichote maji yanayoingia, nikachota bila kuinua uso. Katikati gogo kubwa likatugonga ubavuni, mtumbwi ukazunguka, na nikasikia kiboko akikoroma karibu sana, lakini sikumwona, giza lilishaingia. Mzee hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya kawaida, "Mama, shika ukingo, usinishike mimi." Sauti ile naisikia mpaka leo.

Tulitua mbali sana chini ya gati letu. Hapo ndipo kazi ikaanza, maana mnaujua ule ukuta wa Newala. Waliosimama Shimo la Mungu wakatazama chini wanajua ninachosema. Wanaume wanne wakambeba kwa machela ya mablanketi na miti, mvua inanyesha, njia ni mfereji wa maji. Bibi alikuwa ametusubiri bondeni siku mbili, akapanda mbele yetu na chemli. Kila wakipumzika anawaambia, "Bado ni bonde hapa. Bado ni bonde."

Hawakufika juu. Mtoto alizaliwa katikati ya mteremko, kwenye jiwe, kabla ya alfajiri. Akalia. Bibi akamfunga na kanga yake, akakataa mtoto kuoshwa, akasema hataguswa na maji mpaka tufike juu. Tukafika juu jua limetoka, akaoshwa nyumbani kwa maji ya mvua yaliyotekwa paani.

Yuko hai. Ana watoto wawili. Na familia mpaka leo inagombana: upande wa bibi wanasema aliishi kwa sababu alikuwa ameshatoka bondeni, upande wa baba yake wanasema hakuwa amefika juu, aliishi kwa sababu Mungu kataka. Mimi sibishani na mtu. Mimi nilichota maji.

MamaWaNewala:
Mdogo wangu, nimesoma nimesimama. Pole, na hongera kwa kata yako.

Kijana wa Nanyumbu:
"Bado ni bonde hapa." Aisee.

Msongea:
Yule mzee mvushaji alirudi vipi usiku ule? Alivuka tena?

Nesi wa Tandahimba:
Binti wa Mahuta, nakuheshimu na nimeguswa. Lakini hapa wanasoma mabinti wajawazito na siwezi kunyamaza. Bondeni watoto walikuwa wanakufa kwa malaria. Mbu wapo kule kwa sababu maji yapo, juu walikuwa wachache kwa sababu maji hakuna. Mama akiugua malaria akiwa na mimba mtoto anazaliwa dhaifu au amekufa. Wazee waliliona jambo la kweli, wakaliweka kwenye hadithi. Ila dawa yake leo ni chandarua, kliniki mapema na kujifungulia kituoni. Kumbeba mwenye uchungu usiku kwenye mteremko wa matope mngeweza kuwapoteza wote wawili.

Binti wa Mahuta:
Nesi, shikamoo. Kituo cha karibu wakati ule kilikuwa wapi? Juu. Kwa hiyo hata kwa kliniki tungepanda tu.

Nesi wa Tandahimba:
Marahaba. Hapo umenishinda kwa mwaka ule. Kwa sasa sijashindwa.

Mwana wa Mueda:
Naomba kusahihisha. Hadithi hiyo si ya Mahuta. Bibi yangu kule Mueda, ng'ambo Msumbiji, aliisimulia hivyo hivyo, na juu walikopandia ni Mueda, si Newala. Wamakonde wametoka kusini ya mto, hata majina ya koo yanaonyesha. Mahuta imeingizwa baadaye na watu wa kaskazini.

Binti wa Mahuta:
Kaka, imeingizwa na nani? Bibi yangu hakujua kusoma.

Mwana wa Mueda:
Sijasema kwa ubaya. Nasema mto una kingo mbili na uwanda uko pande zote mbili. Aliyekuwa Mueda alisema Mueda, aliyekuwa Mahuta alisema Mahuta. Wote walishuka Ruvuma ile ile kuoga.

Binti wa Mahuta:
Hiyo ya mwisho naikubali. Ya mwanzo hapana.

Mtambwe wa Mto:
Mnagombania juu, sisi mmetusahau chini. Hadithi yenu inasema mtoni watoto hawaishi. Wamatambwe tumeishi mtoni vizazi na vizazi, tunalima mchanga wake, tunavua, tunavusha kila mtu: Myao na msafara wake, Mmakua, Mngoni, Mmakonde anayeogopa maji. Bila sisi Mahuta na Mueda wasingesalimiana. Na yule mzee, ndugu Msongea, nina hakika alilala upande aliotua. Mvushaji mwenye akili havuki mara mbili maji ya gogo. Anasubiri asubuhi atazame rangi. Maji yakiwa mekundu mazito, juu bado kunanyesha, unakaa. Yakianza kuwa ya maziwa, unavuka.

Ule unga aliotupa, kwetu si mchezo. Unawaomba waliomo. Wamakua wanaita makeya. Ukienda na haraka zako usivunje jambo la mwenyeji, kaa kimya amalize.

Babu wa Mikindani:
Wajukuu, nami niseme. Nilikuwa kijana mdogo bondeni upande wa Masasi miaka ya 60. Baada ya mauaji ya Mueda, Juni 1960, Mreno alipowapiga watu risasi, watu walianza kuvuka kuja kwetu. Ilipoanza vita ya ukombozi ya Msumbiji Septemba 1964 wakaja wengi, wengine wakapelekwa makazi ya wakimbizi Rutamba, wengine Muhukuru. Usiku wakivuka kuja, usiku huo huo vijana wenye silaha wanavuka kwenda. Baba alikuwa na mtumbwi. Mchana aliujaza mawe akauzamisha kwenye kina kidogo chini ya matawi, ili ndege ya Mreno isiuone. Jioni tunautoa mawe. Kazi yangu ilikuwa mawe. Jiwe moja moja, polepole, yasigongane, kwa kuwa sauti juu ya maji inafika mbali.

Baba hakuwahi kupokea hata senti. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Wale wanaovuka wana mashangazi zako." Ilikuwa kweli. Shangazi zangu wawili walikuja kwa mtumbwi ule ule, mmoja akazikwa huku.

Mliovuka Daraja la Umoja 2010 mlifurahi, mimi nililia. Mwalimu na Samora waliliwaza miaka ya 70, likajengwa wao hawapo. Mita 720. Nilitembea kwa miguu kutoka mwanzo mpaka mwisho nikirudi nyuma kutazama chini, nikitafuta mahali tulipozamishia mtumbwi. Ni mbali na pale, najua, lakini nilitafuta.

MamaWaNewala:
Shikamoo babu. Nitamsomea mwanangu habari hii ya mawe.

Kijana wa Nanyumbu:
Babu, pale darajani Mtambaswala ng'ambo ndiyo Negomano, panapoingia mto Lugenda. Mzee mmoja aliniambia jina lenyewe maana yake makutano. Mwaka 1917 mwezi wa Novemba Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alivuka hapo na askari wake akaingia kwa Mreno, akawapiga hapo hapo kambini. Wazee wetu ndio waliobeba mizigo. Hakuna jiwe la kuwakumbuka wapagazi hao. Nimetafuta pande zote mbili.

Myao wa Tunduru:
Kwetu Tunduru mnasahau tembo. Wanavuka kwenda hifadhi ya Niassa ng'ambo na kurudi Selous kama mtu anayekwenda sokoni, maji yanawafika tumboni. Hawana pasi. Shamba langu lilikuwa kwenye njia yao, nikalima misimu mitatu, wakala misimu mitatu, nikahama mimi.

Pwani ya Msimbati:
Kumbe ndiyo maana Livingstone alishindwa. 1861 aliingiza meli mtoni humu akitafuta njia ya kwenda Nyasa, maji yakapungua, akageuza. Angewauliza Wamatambwe wangemwambia msimu.

Dada wa Kitaya:
Naomba niandike fupi. Mimi hadithi zangu za mto za zamani ni nzuri, mabibo, kuogelea, ngoma ya mapiko inasikika toka ng'ambo usiku na wewe uko huku unacheza. Lakini Oktoba 2020 kijiji chetu kilivamiwa na watu waliovuka usiku. Tangu hapo nikisikia maji yanapigwa kafi gizani moyo unakimbia. Mto ule ule. Hamjakosea kuusifu, mimi tu ndiyo bado siwezi kukaa ukingoni jua likizama.

Mwana wa Mueda:
Pole sana dada. Nasi mwaka uliofuata, mji wa Palma ng'ambo uliposhambuliwa, dada yangu alifika ukingoni akiwa na watoto watatu. Bado hatuzungumzi sana nyumbani.

Binti wa Mahuta:
Poleni wote wawili. Mwana wa Mueda, yale ya asubuhi nimeyaacha.

Mtafiti wa Mambo:
Swali: hivi "mamba wa mtu" ni kweli? Nimeambiwa Ruvuma kuna watu wanafuga mamba na kumtuma.

Kijana wa Nanyumbu:
Kweli kabisa. Jirani yetu alichukuliwa katikati ya wanawake saba, akachaguliwa yeye tu, na alikuwa na kesi ya shamba.

Nesi wa Tandahimba:
Alikuwa anachota pembeni peke yake au katikati yao?

Kijana wa Nanyumbu:
Pembeni kidogo.

Nesi wa Tandahimba:
Basi.

Mtambwe wa Mto:
Msikatishane. Mamba anatazama mahali panapotumika kila siku saa ile ile. Ukichota asubuhi hapa, kesho chota pengine. Jengeni ua wa miti mtoni, mchote ndani ya ua. Au chimbeni kisima mchangani kiangazi, maji yanakuja yenyewe na ni safi kuliko ya mtoni. Anayetaka kusema kuna mamba wa kutumwa aseme, lakini ua ajenge.

Msongea:
Nami niongeze: kiangazi msidanganyike na maji ya magotini. Kuna vishimo.

Pwani ya Msimbati:
Tembea kwa kuburuza miguu, usinyanyue.

Myao wa Tunduru:
Nani kakwambia? Kwetu tunanyanyua na kupiga maji kwa fimbo.

Pwani ya Msimbati:
Kwenu kuna mawe, kwetu mchanga na samaki taa wenye miiba. Kila mtu na mto wake.

MamaWaNewala:
Jamani nimeamua. Mwanangu ramani atachora upya, Msinje ataitia, Lugenda ataitia, Matogoro ataiweka kilima. Lakini nataka akaone. Mama yangu pia hajaonana na mdogo wake wa ng'ambo tangu kabla ya vurugu, anasema akifa bila kumwona hatanisamehe. Nataka tuvuke Kilambo Jumamosi. Hati za dharura za kusafiria tumeshachukua. Nani yuko pale, maji yakoje? Na fedha nibadilishe wapi?

Kijana wa Nanyumbu:
Badilisha huku huku kwa wabadilishaji, uwe na metikali, fedha ya Msumbiji, mkononi kabla hujavuka.

Mwana wa Mueda:
Usibadilishe kwa watu wa gati. Vuka na shilingi, ng'ambo zinapokelewa, ubadilishe kidogo kidogo.

Pwani ya Msimbati:
Niko hapa tangu jana. Maji yamepungua, mkondo mkubwa umebaki upande wa kwao. Fuateni bahari: fikeni mapema, mkichelewa mtasubiri mpaka igeuke tena. Mtatembea mchanga mrefu kwa miguu kisha mtumbwi. Mama mzee asitembee, kuna vijana wanabeba watu mgongoni, mpatane bei kabla. Mje na kanga za kubadilisha na maji ya kunywa, mchanga saa sita unaunguza.

Mtambwe wa Mto:
Na mtoto akae katikati ya mtumbwi. Akiuliza tena pale ni nchi gani, mvushaji atamjibu.